Datsun 240Z: vioo vya pembeni vikae kwenye fenda au mlangoni? Fundi anasubiri kutoboa

#1 ZedYaNgong

Wakuu, habari za wikendi.

Nina Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, iliuzwa mpya hapa Nairobi na haijawahi kutoka mikononi mwa familia. Mzee aliiegesha miaka mingi, sasa ni zamu yangu. Injini ni ile ile L24 ya silinda sita na inanguruma vizuri, huko sina neno. Kinachoninyima usingizi ni vioo vya pembeni.

Gari ina kioo kimoja tu, mlango wa dereva, na kromu yake imeota vipele. Kushoto ni bati tupu. Zamani hizo labda ilitosha. Leo ukiwa Ngong Road saa kumi na moja jioni, bodaboda anakupita kushoto, mwingine kulia, matatu imekukalia buti, na wewe unategemea kioo cha ndani chenye upana wa kiganja. Nikigeuza shingo kutazama kushoto nyuma naona ile nguzo pana ya bodi na si kingine.

Bodi imenyooshwa, praima imepigwa, na fundi ameniambia kama kuna tundu la kutoboa litobolewe sasa, rangi ya mwisho ikishapigwa nisimtafute.

Ndugu yangu, ambaye gari hii ni yake pia, anataka vioo vya fenda vya Kijapani, vile vinavyokaa mbele juu ya fenda, yaani bati linalofunika gurudumu la mbele. Anasema Zed (ndivyo tunavyoiita 240Z) bila hivyo haijakamilika. Mimi nilipenda Vitaloni Sebring, vile vya Kitaliano vya miaka ya 1970 vilivyochongwa kwa ajili ya upepo. Chaguo la tatu ni kutafuta kioo cha kromu kama hiki cha mlangoni, viwe viwili, basi.

Kuna mtu ameendesha gari lenye vioo vya fenda kwa muda? Mnaona nini mle ndani? Na aliyewahi kutoboa mlango wa Zed anipe mwongozo.

#2 KijanaWaTemeke

Picha mkuu. Uzi wa 240Z bila picha ni uchokozi.

#3 ZedYaNgong

Zinapanda, mtandao wa huku gereji unasuasua.

#4 BabuWaSafari

Hongera kijana kwa kulitunza gari la mzee wako. Watu wengi wa rika lenu hawajui kwamba gari hilo lina heshima ya pekee katika nchi hizi. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari Rally za 1971 wakiwa ndani ya 240Z. Halafu 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaishinda tena na 240Z, na mwaka huo walimaliza sare na Datsun nyingine, 1800 ya Harry Källström, ikabidi kanuni ya kuvunja sare ndiyo iamue. Mtaani kwetu watoto walikuwa wanabishana wiki nzima.

Sasa kuhusu fenda. Vijana mnadhani ni mtindo. Kule Japani ilikuwa sheria. Magari ya soko la ndani yalitakiwa yawe na vioo kwenye fenda, na vya mlangoni havikuruhusiwa hadi 1983. Nissan Pulsar EXA ndiyo iliyotangulia kupewa ruhusa. Kwa hiyo Fairlady Z, jina la Zed hii huko Japani, zilivaa vioo vya fenda kwa kulazimika, na wakati huo huo 240Z za kuuzwa nje zilitoka na kioo cha mlangoni. Gari la mzee wako ni la kuuzwa nje. Ukiliwekea vioo vya fenda unakuwa umelivalisha nguo za ndugu yake. Si dhambi, lakini usimwambie mtu kwamba ndivyo lilivyotoka kiwandani.

#5 Kaka_Mdogo_Zed

Shikamoo mzee. Mimi ndiye ndugu mwenyewe anayesemwa hapo juu 😂. Sijasema ni original, nasema inapendeza. Boneti ndefu ile bila kitu juu yake inaonekana uchi. Na taksi za Japani hadi leo zina vioo vya fenda, ile JPN Taxi iliyotoka 2017 imetoka navyo. Kama havifai, kwa nini madereva wa kazi wanavitumia?

#6 BabuWaSafari

Marahaba. Swali zuri hilo, aje mwenye elimu yake.

#7 Mwalimu_Moro

Nimefundisha fizikia, sehemu ya vioo naimudu. Ngoja niwape hesabu, haina maumivu.

Kioo bapa kinakuonyesha pembe inayolingana takriban na ukubwa wake unavyoonekana machoni pako. Chukua kioo chenye upana wa sm 12. Kikiwa mlangoni, sm 70 kutoka jichoni, kinakupa takriban nyuzi 10 za upana wa barabara. Kipeleke kwenye fenda, tuseme mita 1.8 kutoka jichoni, zinabaki nyuzi kama 4. Yaani utaona kipande chembamba cha lami na mkia wa gari lako.

Ndiyo maana vioo vya fenda vinakuwa vioo mbinuko, yaani vilivyovimba kuelekea nje, ili kipana kiingie kwenye kidogo. Lakini mbinuko unatoza ushuru wake, na ushuru unapanda kadiri kioo kinavyokuwa mbali na jicho. Chukua mbinuko ambao nusu kipenyo cha mpindo wake ni mita 1.2, na gari lililo mita 20 nyuma yako. Kioo kikiwa mita 1.2 kutoka jichoni, ambayo ni kama mlango wa kushoto kwa dereva wa kulia, gari lile litaonekana kwa karibu theluthi ya ukubwa ambao kioo bapa kingekuonyesha. Kioo hicho hicho kikiwa fenda, mita 1.8, inashuka hadi karibu robo. Lori linakuwa bajaji, bajaji inakuwa nukta.

Sasa kwa nini dereva wa taksi anavipenda? Kwa sababu hageuzi shingo. Vioo vyote viwili viko mbele yake, anavitazama kupitia kioo kikubwa cha mbele kwa kuhamisha macho tu. Ni faida ya kweli, siibezi. Kwa mtu wa mjini anayetembea polepole kutwa nzima ni biashara nzuri. Kwa mtu anayetaka kujua lile basi la Mombasa liko umbali gani kabla hajatoka kulipita lori, mimi nisingeikubali.

#8 Kaka_Mdogo_Zed

Mwalimu umenipiga na theluthi na robo kwenye wikendi 😅 Sawa, nimekuelewa. Bado zinapendeza.

#9 Mtanganyika_Coventry

Salaam wakuu. Huku nilipo magari ya zamani ni ugonjwa wa kila mtaa, na usukani ni kulia kama nyumbani, kwa hiyo mada hii nimeiishi.

Kwanza mjue magari mengi ya sporti ya miaka ya 1960 yalitoka bila kioo cha nje kabisa, au kwa kimoja cha kulipia zaidi. Jaguar E-Type na MGB za watu huku zina vioo vya kila aina, kila mwenye gari alipeleka kwa fundi wake na kila fundi akatoboa anapojua. Kwa hiyo usitafute jibu moja sahihi la kihistoria, kwa magari hayo halipo. Kwa Zed lipo kidogo, kama Babu alivyosema.

Kuhusu aina: vile vyembamba vyenye umbo la risasi ya bunduki vinavutia kwenye picha, ila kioo chenyewe ni kama kisosi cha kahawa. Talbot, vile vya duara vya kromu, vina asili ya magari ya Kijerumani na kwenye Zed naona vinakaa kama kofia ya kuazima. Vitaloni Sebring ni vizuri mno na vimepata heshima kwenye magari ya Kitaliano, na umbo lake linaendana na Zed kuliko watu wanavyodhani. Lakini angalia kitako chake kabla hujanunua: ni kirefu, na kama mlango wako una mkunjo pale juu kitakaa kikining'inia upande mmoja. Kata kitako cha karatasi uweke juu ya mlango kwanza.

La pili ndilo kubwa, na wauzaji hawakuambii. Seti nyingi za Zed zinatengenezwa kwa soko la Marekani. Kule usukani ni kushoto, na sheria yao inataka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa, huku cha abiria kinaruhusiwa kuwa mbinuko mradi kiandikwe ile onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Kwa hiyo ukifungua boksi utakuta bapa ni cha kushoto na mbinuko ni cha kulia, na shingo zimepinda kumtazama mtu aliyekaa kushoto. Ukivifunga hivyo kwenye gari ya Nairobi, kulia kwako unapotegemea kupima umbali wa kulipita gari utakuwa na mbinuko unaodanganya, na kushoto kwenye bodaboda utakuwa na bapa kinachoonyesha ukanda mwembamba tu. Kinyume kabisa cha unachohitaji.

Muulize muuzaji mambo mawili kwa maandishi: kipi bapa, na je, kichwa kinazunguka kiasi gani kwenye shingo. Kama vioo vyenyewe vinachomoka, unaweza kumpelekea mkata vioo akakate vipya ukabadilisha. Kama vimegandishwa kwa gundi, achana navyo.

#10 ZedYaNgong

Kaka umeniokoa. Seti niliyokuwa nimeiweka kwenye kikapu nimerudi kusoma maelezo yake, picha zote ni za gari la usukani kushoto. Nimemwandikia muuzaji.

#11 ChumaChakavu

Mnajisumbua bure. Nunua vile vya kubana kwenye ukingo wa mlango, skrubu mbili, dakika kumi, bodi haijaguswa. Ukiuza gari unavitoa.

#12 FundiBodi_Gerezani

@ChumaChakavu, vile vya kubana nimeviondoa kwenye magari ya watu mara nyingi kuliko nilivyovifunga. Ile skrubu ndogo inayobana inakula rangi hadi bati, maji yanaingia, kutu inaanzia ukingoni mwa mlango, sehemu mbaya kuliko zote kwa sababu pale bati la nje limekunjwa juu ya la ndani. Tundu safi lililopakwa rangi halioti kutu. Mkwaruzo uliofichwa chini ya kibano unaota. Kama ni lazima, weka kipande cha ngozi nyembamba chini yake na ukifungue mara kwa mara ukague.

Sasa wewe wa Zed nisikilize kwa utaratibu, kwa sababu bati la mlango ni jembamba, halifiki hata milimita moja, na kosa la hapo haliandikiki upya.

Toa paneli ya ndani ya mlango. Usitoboe kwa kukisia ukiwa umekaa nje. Ndani pale mbele kuna reli ya kioo, kuna mashine ya kioo, kuna fito. Chukua tochi uangalie nafasi iliyopo nyuma ya pale unapotaka kioo kikae. Pandisha kioo cha mlango hadi juu kabisa kabla ya kutoboa. Kikiwa chini kimelala ndani ya mlango, biti ikipitiliza umekipasua. Halafu funga tepu kuzunguka biti uache ncha ya milimita chache tu itoke, hata mkono ukiteleza haizami.

Bandika masking tepu juu ya sehemu yote, chora juu ya tepu. Gonga alama na panchi, kidogo tu, huku mwenzako ameegemeza kipande cha mbao kwa ndani ili bati lisibonyee. Anza na biti ya mm 3. Usikimbilie biti kubwa, inapiga pembe tatu kwenye bati jembamba na tundu linakuwa kama sambusa. Panda taratibu, na hatua ya mwisho tumia tupa ya duara.

Halafu kitu ambacho mafundi wengi wanaruka: bati la nyuma. Kata kipande cha chuma cha mm 2, kikubwa kuliko kitako cha kioo, kikunje kifuate umbo la mlango kwa ndani, chomelea nati juu yake au tumia bolti na nati za kawaida. Kioo kikibanwa kwenye bati la mlango peke yake kitatetemeka, na baada ya muda bati litapata ufa kutoka kwenye tundu. Zile nati za ribiti zinazojibana kwenye bati nazitumia kwa vitu vyepesi. Kwa kioo chenye shingo ndefu kwenye bati jembamba, zinalegea na kuzunguka bure, halafu kuzitoa ni vita.

Kingo za tundu zisugue kwa msasa, paka praima ya zinki, paka rangi, acha ikauke kweli kweli. Chini ya kitako iwepo gasketi ya mpira. Ukikosa, kata kutoka tyubu ya baiskeli, inakaa vizuri tu. Na msinipakie silikoni ile inayonuka siki. Asidi yake inakula chuma kilicho wazi. Mtu anadhani anaziba maji kumbe anapanda kutu.

Kwa fenda kazi ni rahisi zaidi maana fenda za mbele za gari hilo zimefungwa kwa bolti, unaweza kuifikia kwa ndani ya tairi au kuitoa. Ila pale matope na mawe vinapiga kwa chini, kwa hiyo ukitoboa huko paka ile rangi ya chini ya gari kuzunguka bolti.

#13 Mpwani_Likoni

Fundi amesema yote ila kaacha la kwetu huku. Vioo vingi vya zamani na hata vya kuigiza, mwili wake si chuma, ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Ukipiga skrubu ya stenlesi moja kwa moja ndani ya aloi ile na upepo wa bahari, baada ya muda inatoka unga mweupe na skrubu imeganda, ukilazimisha shingo inavunjika. Paka grisi kwenye nyuzi za skrubu, na kila gari ikilala nje pwani osha vioo kwa maji yasiyo na chumvi, hasa kwenye kiungo cha shingo. Vile vipele kwenye kromu ya kioo chako vimeanzia hapo hapo: kromu ikipata tundu dogo, zinki chini yake inaanza kuvimba. Havisuguliki. Kukirudisha inabidi kivuliwe kromu yote, kijazwe, kipakwe upya, na wanaojua kazi hiyo kwenye zinki ni wachache.

#14 BintiMakanika

Kaka zangu, mmeongea bati, kromu na hesabu, hakuna aliyeuliza nani anakaa kwenye kiti.

@ZedYaNgong umesema gari ni lako na ndugu yako. Mna urefu sawa? Zed mtu anakaa chini na nyuma, miguu imenyooshwa. Mtu mrefu anasogeza kiti nyuma, jicho lake linarudi karibu na nguzo ya mlango. Mfupi kama mimi anasogea mbele. Kioo cha mlangoni kikikaa mbele sana, mrefu atakiona nusu yake imefichwa na nguzo ya kioo cha mbele. Kikikaa nyuma sana, mfupi itabidi ageuze shingo kama anamtafuta konda.

Fanyeni hivi kabla drili haijatoka kwenye boksi. Kaa kwenye kiti chako, mkanda umefungwa, mikono kwenye usukani, kichwa kimeegemea kama unavyoendesha, si kama unavyopiga picha. Mwenzako ashike kioo juu ya mlango kwa donge la plastisini, akisogeze mbele na nyuma hadi useme hapo. Aweke alama kwenye tepu. Mbadilishane. Mtapata alama mbili, na nafasi nzuri ipo katikati yake. Kama zimeachana mno, fuata ya yule anayeendesha zaidi na mwingine arekebishe kwa kuzungusha kichwa cha kioo.

Halafu fungueni mlango, mpandishe na kushusha kioo cha dirisha, mfungue boneti yote, muone hakuna kinachogusana. Kwenye Zed boneti inafungukia mbele, kwa hiyo kwa wale wa fenda: hakikisha kioo hakizuii mkono wa fundi wala kitambaa cha kufutia. Kituko kidogo lakini kinakera kila wiki.

Upande wa pili msipime kutoka mstari wa bodi. Gari la miaka hamsini lililonyooshwa halina pande mbili sawa. Chora kitako kwenye karatasi ya manila, igeuze, pima kutoka ukingo wa mlango, halafu simama mbele ya gari hatua kadhaa uangalie kwa macho. Macho yakikataa, sikiliza macho. Milimita tatu hakuna atakayezipima, ila kioo kimoja kikiinama watu wote wataona.

#15 ZedYaNgong

Dada ubarikiwe. Tofauti yetu ni kubwa, ndugu yangu ni twiga.

#16 Kaka_Mdogo_Zed

Nimeona.

#17 KijanaWaTemeke

Na wezi? Maana huku Dar saidi mira ni kama embe la barabarani. Watu wanachonga namba ya gari kwenye kioo na kupiga ribiti juu, gari la milioni mia linaonekana kama limeshonwa na fundi viatu. Kwenye Zed utachonga?

#18 FundiBodi_Gerezani

Hapana bwana, usimchonge. Kwa bati la nyuma nililolisema, nati zinabaki ndani ya mlango nyuma ya paneli. Mwizi akitaka kukitoa kwa nje hana spana ya kuingiza popote. Atabaki kukivunja, na kilichovunjika hakiuziki. Vioo vya skrubu za nje ndivyo vinavyoondoka. Ukikuta muundo wenye skrubu ya nje pale shingoni, tafuta yenye kichwa kisicho cha kawaida.

#19 Salim_Maskati

Assalaam aleikum. Nasoma kutoka Maskati. Mimi nina 240Z ya usukani kushoto, iliyotoka Marekani. Kwa maelezo ya ndugu wa Coventry, basi ile seti ya kule mimi inanifaa ilivyo?

#20 Mtanganyika_Coventry

Waaleikum salaam. Inakufaa kabisa, ilitengenezwa kwa ajili yako. Ila kwa joto la huko angalia aina ya gundi iliyoshika kioo kwenye nyumba yake, gari likilala juani gundi dhaifu inayeyuka na kioo kinateleza. Kama kimeshikwa na ukingo wa kukunja, uko salama.

#21 ZedYaNgong

Wadau, mrejesho.

Tulifanya zoezi la dada na plastisini, na kwa ajili ya amani ya nyumba tukajaribu fenda pia kwa vioo viwili vya kuazima, kimoja bapa, kingine mbinuko. Tuliegesha gari kwenye uwanja, rafiki akaja na pikipiki kutoka nyuma polepole. Bapa kwenye fenda: tuliona kiuno cha gari, kipande cha ukuta, na pikipiki ikapita bila kuonekana kabisa ilipokuwa upande. Mbinuko kwenye fenda: tuliiona muda wote, lakini ndugu yangu alipoulizwa iko umbali gani alisema "mbali bado" wakati ilikuwa inakaribia kugusa bampa. Hapo alicheka mwenyewe akaacha ubishi. Mwalimu, theluthi na robo zako tumeziona kwa macho.

Tumeamua mlangoni, pande zote mbili, kromu ya mtindo wa kiwanda. Kulia bapa, kushoto mbinuko. Muuzaji alithibitisha kwamba vioo vinachomoka, kwa hiyo mkata vioo wa Industrial Area amenikatia. Bapa kilikuwa rahisi. Cha mbinuko alikikata kutoka kioo cha gari jingine lenye mpindo mdogo, akakichonga kingo kwa jiwe chini ya maji. Mpindo mdogo unafanya gari zisiwe ndogo sana, na kwa upande wa kushoto bado naona njia nzima ya pembeni pamoja na ukingo wa barabara.

Sebring nimeziacha kwa shingo upande. Kitako kilikuwa kirefu kweli, kwenye karatasi kilipita mkunjo wa mlango.

Fundi alifuata maelezo ya FundiBodi_Gerezani neno kwa neno, nilimsomea uzi kwenye simu yeye akiwa na drili. Alichekea kipengele cha sambusa. Bati la nyuma tulilikata kutoka kwenye kipande cha chesisi chakavu na likachukua umbo baada ya kugongwa kwenye mfuko wa mchanga. Alama yetu ya kulia imeangukia nyuma kidogo ya ile ya kioo cha zamani, kwa hiyo matundu ya zamani yamechomelewa yakasawazishwa, hakuna puti ya kujaza. Sasa gari imeingia kwenye chumba cha rangi.

#22 BabuWaSafari

Vizuri. Matundu ya zamani kuchomelewa ni jambo la maana. Puti kwenye tundu inadumu hadi mvua ya pili.

#23 Mwalimu_Moro

Angalizo moja la matumizi. Kulia na kushoto sasa vinaongea lugha mbili. Gari lile lile litaonekana kubwa kulia na dogo kushoto. Ukitaka kuhama kwenda kushoto, tumia kioo cha kushoto kujua kama kuna mtu, halafu kioo cha ndani kujua yuko umbali gani. Macho yakizoea utafanya bila kufikiri.

#24 ZedYaNgong

Hilo limenisaidia. Swali la mwisho: tulipofunga kwa majaribio kabla ya rangi, niliendesha kidogo kwenye Southern Bypass. Hadi 80 kioo kimetulia. Nikifika karibu na 110 cha kulia kinatetemeka, taa za nyuma zinakuwa mistari. Cha kushoto shwari. Bolti zimekaza.

#25 FundiBodi_Gerezani

Bolti zikikaza na bado kinatetemeka, tazama kiungo cha kichwa na shingo. Ndani mara nyingi kuna springi na washa ya kubana tufe la kiungo hicho. Kwenye vioo vipya vya kuigiza springi huwa laini. Kifungue, ongeza washa moja nyembamba nyuma ya springi, kaza hadi kichwa kizunguke kwa kulazimishwa kidogo. Ukikaza mno utashindwa kukirekebisha, na ndugu yako twiga atalalamika.

Kama si hapo, basi gasketi ya kulia ni nene kuliko ya kushoto na kioo kinaogelea juu ya mpira. Umetumia tyubu kwa zote mbili?

#26 ZedYaNgong

Kulia tyubu ya baiskeli, kushoto gasketi iliyokuja na kioo. Ya kulia ilipotea gereji.

#27 FundiBodi_Gerezani

Umekunja tyubu mara mbili?

#28 ZedYaNgong

Ndiyo, niliona moja ni nyembamba.

#29 FundiBodi_Gerezani

Toa moja. Halafu ujaribu tena 110 kabla hujaigusa springi.

#30 KijanaWaTemeke

Na picha mkuu. Tumefika mwisho wa kutoboa, bado hatujaona hata taa.